Wamansa wa Mali: Dola Iliyotajirishwa na Njia, Ikaangushwa na Ugomvi wa Kiti

Mwaka 1331 msafiri wa Tangier, Ibn Battuta, alifika Kilwa akamkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu'l-Mawahib kwa ukarimu wake. Mfanyabiashara mmoja alimweleza habari za Sofala, bandari ambako vumbi la dhahabu lililetwa kutoka bara. Miaka 21 baadaye, Februari 1352, msafiri huyohuyo alitoka Sijilmasa, kusini mwa Moroko, akajiunga na msafara wa ngamia kuvuka Sahara. Mwisho wa safari hiyo alikuwepo mfalme mwingine wa Kiislamu, mwenye dhahabu iliyowahi kutikisa soko la Cairo. Kwa ukarimu, mfalme huyu hakumfikia wa Kilwa hata robo. Lakini nchi yake ilikuwa na kitu ambacho Ibn Battuta hakukiona kwa wingi katika safari zake zote: mtu angeweza kusafiri peke yake, mwenyeji au mgeni, bila kuogopa mwizi wala mnyang'anyi.

Nchi hiyo ilikuwa Mali. Usalama wa njia zake ndio uliokuwa siri ya utajiri wake, na utaratibu wa kurithi kiti chake ndio uliokuwa kidonda chake. Historia yote ya dola hii, kutoka karne ya 13 hadi ya 17, imezunguka mambo hayo mawili.

Waliotangulia

Mali haikuanzia patupu. Kabla yake palikuwa na Ghana, dola ya Wasoninke iliyokaa kusini mwa jangwa, mbali sana na nchi inayobeba jina hilo leo. Al-Bakri, mwandishi wa Cordoba, aliieleza mwaka 1068. Mfalme wa Ghana alitoza dinari moja kwa kila punda aliyeingia na mzigo wa chumvi, na dinari mbili kwa kila aliyetoka nao. Mapande ya dhahabu yalikuwa ya mfalme, na vumbi lake likaachiwa watu. Katika sheria hizo mbili fupi umo msingi wa dola zote zilizofuata upande huo wa Afrika: mtawala hachimbi, hukaa kwenye mlango akatoza ushuru.

Ghana ilipodhoofika, mlango huo uligombaniwa. Mwanzoni mwa karne ya 13 waliojitokeza na nguvu walikuwa Wasoso, na mfalme wao Sumanguru Kante alitoka ukoo wa wahunzi na kuogopwa kwa uganga wake. Aliiteka miji ya Ghana, akawageukia Wamalinke wa Niger ya juu, akawatoza kodi na kuwaua wakuu wao.

Mtoto aliyetambaa

Yaliyofuata yamehifadhiwa na majeli, manju wa Kimalinke ambao kazi yao hurithiwa kutoka baba hadi mwana. Wanasimulia kwamba Sogolon, mke mwenye kibyongo, alimzalia mfalme wa Wamalinke mtoto wa kiume ambaye kwa miaka alitambaa, hakuweza kusimama. Siku moja Sogolon aliomba majani ya mbuyu kwa mke mwenza, Sassouma, akasimangwa kwamba mwanawe hawezi hata kumchumia mama yake mboga. Mtoto aliagiza fimbo ya chuma, akaishika, akasimama, kisha akaenda kuung'oa mbuyu mzima na kuupanda mlangoni kwa mama yake. Mtoto huyo ni Sundiata Keita.

Wivu wa nyumba ya uke wenza ulimpeleka uhamishoni pamoja na mama yake, hadi nchi ya Mema, ambako alikua na kujifunza vita. Wamalinke walipochoshwa na Sumanguru, walimtuma mjumbe kumwita. Alirudi na wapanda farasi wa Mema, na njiani koo zikamuunga mkono moja baada ya nyingine. Mmoja wa waliokuja upande wake alikuwa Fakoli, jemadari wa Sumanguru na mpwa wake wa damu, aliyemwacha mjomba kwa sababu mjomba alimpora mke.

Majeshi yalikutana Kirina, karibu mwaka 1235. Majeli wanasema Sumanguru hakudhurika kwa chuma, hivyo Sundiata alimpiga kwa mshale uliofungwa kipi cha jogoo mweupe, naye Sumanguru akapoteza nguvu zake na kukimbilia milimani. Nyuma yake aliacha marimba yake. Familia ya majeli wa Niagassola, nchini Guinea, ingali inayalinda marimba inayoyaamini kuwa ndiyo hayo, na mwaka 2001 UNESCO iliutangaza urithi huo.

Baada ya vita, kwa mujibu wa mapokeo, Sundiata aliwakusanya wakuu wa koo Kurukan Fuga, karibu na Kangaba. Hapo koo za wapiganaji, koo za wanavyuoni, na koo za mafundi kama wahunzi na majeli zilipangiwa nafasi na haki zake. Baadhi ya koo zilifungiwa undugu wa utani, uleule ambao Mtanzania anaujua baina ya makabila: mtani hukutania hata msibani, na kumwaga damu yake ni mwiko. Watu waliokuwa wakiwindana jana walipewa sababu ya kucheka pamoja. Mkataba huo wa mdomo uliingizwa katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2009.

Kurukan Fuga iliamua pia kwamba wafalme watatoka ukoo wa Keita. Mtu gani hasa ndani ya ukoo huo angemrithi nani, mwana au ndugu, ni jambo ambalo vizazi vilivyofuata havikuafikiana.

Chumvi, dhahabu na mto

Ili kuielewa Mali, anza na chumvi. Katikati ya Sahara palikuwa na Taghaza, kijiji kisicho na mti wala mmea. Ibn Battuta alikuta nyumba na msikiti vilivyojengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Waliochimba walikuwa watumwa wa Wamassufa, watu wa jangwani, na chakula chao chote kililetwa kutoka mbali. Mzigo mmoja wa ngamia kutoka Taghaza uliuzwa mithikali 8 hadi 10 za dhahabu ulipofika mji wa Walata, ukingoni mwa jangwa. Ukifika mji mkuu wa Mali, ulikuwa 20 hadi 30, na mara nyingine 40. Mithikali moja ni gramu nne na ushei za dhahabu. Vipande vya chumvi vilitumika sokoni kama fedha.

Kusini palikuwa na dhahabu: Bambuk, Bure, na baadaye misitu ya Waakan. Kati ya chumvi na dhahabu ulipita mto Niger, unaopanda kaskazini hadi kulamba jangwa kisha ukapinda kuelekea kusini-mashariki. Mitumbwi ilibeba nafaka na dhahabu kutoka Djenne hadi Timbuktu, na ngamia wakaipokea hapo. Fedha ndogo ya sokoni ilikuwa kauri, ganda lililovuliwa visiwa vya Maldives, katika Bahari yetu ya Hindi, likasafirishwa hadi Afrika Magharibi. Ibn Battuta, aliyewahi kuwa kadhi Maldives, aliziona Mali na Gao zikibadilishwa 1,150 kwa dinari moja ya dhahabu.

Mansa, yaani mfalme wa Mali, hakuyamiliki machimbo ya dhahabu kama tunavyodhani. Mwandishi al-Umari wa Damascus alinukuu maelezo ya Mansa Musa, mfalme wa karne ya 14: kila walipouteka mji wa wachimbaji na adhana ikasikika humo, dhahabu ilipungua, huku ikiongezeka kwa majirani walioachwa na dini zao. Hivyo waliamua kuwaacha wachimbaji na mambo yao, wakatoza kodi tu. Mfalme aliyetajwa Cairo kwa ucha Mungu wake alielewa kwamba mchimbaji asiyesumbuliwa huleta mzigo, na anayesumbuliwa huuficha.

Aliyelindwa zaidi alikuwa mfanyabiashara. Wakati Ibn Battuta yuko mji mkuu, mtu mmoja alilalamika msikitini kwamba ofisa wa Walata alichukua bidhaa zake za mithikali 600 na kutaka kumlipa 100. Mansa aliagiza ofisa aletwe, kesi ikapelekwa kwa kadhi, mlalamikaji akapata haki yake na ofisa akafukuzwa kazi. Mgeni akifia nchini, mali yake haikuguswa. Ilikabidhiwa kwa mtu mwaminifu wa jamii yake hadi warithi wajitokeze. Habari za namna hiyo zilivuka jangwa haraka kuliko ngamia, na zilileta misafara kuliko upanga wowote.

Upanga nao ulikuwepo. Al-Umari aliambiwa kwamba jeshi la Mali lilifika watu 100,000, kati yao wapanda farasi 10,000, na kwamba nchi ilikuwa mwendo wa miezi minne kwa urefu na mwingine kama huo kwa upana. Ilianzia Bahari ya Atlantiki ikafika Gao na kupita.

Musa na dhahabu ya Cairo

Baada ya Sundiata, aliyefariki karibu mwaka 1255, mwanawe Uli alitawala na kwenda hija. Kisha matatizo yakaanza. Ibn Khaldun anamtaja Khalifa, mwana mwingine, aliyekuwa na wazimu na aliyewapiga watu mishale kwa mchezo hadi wakamuua. Baadaye kiti kikanyakuliwa na Sakura, mtumwa aliyeachwa huru katika nyumba hiyohiyo ya kifalme. Sakura aliipanua dola, akaenda hija, akauawa njiani akirudi. Ndani ya nusu karne tangu kufa kwa mwasisi, watu walikuwa wameona kwamba kiti cha Keita kinaweza kutwaliwa na mwenye nguvu.

Musa mwenyewe alikipata kwa njia ya ajabu. Aliwaeleza wenyeji wake Cairo kwamba mtangulizi wake alitaka kujua mwisho wa Bahari ya Atlantiki, akatuma merikebu 200 zenye watu na nyingine 200 zenye dhahabu, maji na chakula. Moja tu ilirudi. Mfalme akaandaa merikebu 2,000, akamwacha Musa kuwa naibu, akaingia baharini mwenyewe. Hakuonekana tena.

Musa alianza kutawala mwaka 1312, na mwaka 1324 alipita Cairo akienda Makka. Kambi yake ilikaa karibu na piramidi, na tarihi moja ya Timbuktu inataja msafara wa watu 60,000. Alipotakiwa kubusu ardhi mbele ya Sultani al-Nasir Muhammad alikataa, kisha akasujudu kwa kusema kwamba anamsujudia Mungu aliyemuumba. Hakuacha ofisa wa ikulu bila zawadi ya dhahabu. Wafanyabiashara wa Cairo nao walijua kuchuma: nguo isiyofikia dinari moja waliwauzia watu wake kwa dinari tano. Kabla ya ziara hiyo mithikali ya dhahabu haikushuka chini ya dirhamu 25. Baada yake haikuzidi 22, na al-Umari aliyeandika miaka 12 baadaye aliikuta ingali hivyo.

Kinachosahauliwa ni kwamba wakati wa kurudi Musa aliishiwa, akakopa kwa wafanyabiashara wa Misri. Mmoja wa wakopeshaji, Siraj al-Din wa Alexandria, alifunga safari hadi Mali kudai fedha zake, akafia Timbuktu, na Ibn Battuta aliliona kaburi lake. Tajiri anayesemwa leo kuwa mkubwa kuliko wote duniani alidaiwa.

Hata hivyo safari ile ilileta faida ya kudumu. Musa alirudi na wanavyuoni na vitabu, pamoja na al-Sahili, mshairi wa Granada, ambaye mapokeo yanamhusisha na ujenzi wa Msikiti wa Djinguereber, Timbuktu, karibu mwaka 1327. Msikiti huo wa udongo ungalipo. Jina la Mali lilifika Ulaya pia: ramani iliyochorwa Majorca mwaka 1375 inamwonyesha Musa amevaa taji na kushika pande la dhahabu mkononi.

Ikulu ya Sulayman

Musa alifariki karibu mwaka 1337. Mwanawe Maghan alitawala miaka minne tu, kisha kiti kikaenda kwa Sulayman, nduguye Musa. Huyu ndiye aliyempokea Ibn Battuta. Mgeni alipoambiwa zawadi ya mfalme inakuja, alisimama akitarajia mavazi na dhahabu. Zikaletwa mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alicheka. Ilimbidi amkabili mfalme na kumuuliza angesema nini juu yake mbele ya masultani wengine ndipo alipopewa nyumba na mithikali 33 na theluthi.

Alimwita Sulayman bahili, lakini hakuficha mema aliyoyaona: haki, usalama, misikiti iliyojaa siku ya Ijumaa hadi asiyewahi akakosa nafasi, na watoto waliofungwa minyororo mpaka wahifadhi Kurani. Hakupendezwa na wanawake waliotembea bila mavazi, wala na watu kujimwagia vumbi kichwani mbele ya mfalme. Sulayman aliketi chini ya kuba la hariri lenye ndege wa dhahabu juu yake, na hazina yake ilikuwa imejaa.

Katika ikulu hiyohiyo Ibn Battuta alishuhudia dalili ya kilichokuja. Kasa, mke mkubwa wa mfalme, alivuliwa cheo chake. Baadaye ikagundulika kwamba alimtumia ujumbe Jatal, binamu wa mfalme aliyekuwa uhamishoni, akimwahidi kwamba yeye na jeshi wako tayari kumtumikia. Nyumba ilikuwa imepasuka ndani, ingawa nje dhahabu ilikuwa ikiwaka.

Vita vya panzi

Sulayman alifariki mwaka 1360. Mwanawe alikaa kitini miezi tisa, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikampindua, akatawazwa Mari Jata wa Pili, mwana wa Maghan. Ibn Khaldun anamweleza kama mtawala aliyekula hazina yote ya wazee wake. Aliuza hata lile pande kubwa la dhahabu lililorithiwa na wafalme, kwa bei ya kutupa, kwa wafanyabiashara wa Misri. Alimpelekea sultani wa Fez twiga, mnyama aliyeshangaza mji mzima. Mwisho akapatwa na ugonjwa wa malale, akalala miaka miwili hadi alipokufa karibu mwaka 1374.

Mwanawe, Musa wa Pili, alikuwa mtu mwema, lakini waziri wake ndiye aliyeshika madaraka. Musa alipofariki mwaka 1387 walifuatana watatu kwa muda wa miaka mitatu. Wa kwanza aliuawa. Wa pili, waziri aliyekuwa amemwoa mama yake mfalme, aliuawa pia. Wa tatu alitoka kusini, akidai kuwa yeye ndiye uzao halali wa Sundiata, tofauti na nyumba ya Musa ambayo wanahistoria wengi wanaihesabu kuwa ya nduguye Sundiata. Swali la mwana au ndugu lilikuwa sasa linajibiwa kwa visu.

Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Gao ilijitenga. Wamossi walishambulia kutoka kusini. Mwaka 1433 Watuareg walitwaa Timbuktu, kwa kuwa hapakuwa tena na jeshi la kuilinda. Mwaka 1468 mji huo ukachukuliwa na Sonni Ali, mfalme wa Songhai, dola ya Gao, aliyejua kuutumia mto kwa mitumbwi ya vita, na baada yake Djenne. Mali ikapoteza mwisho wa njia ya ngamia, na ushuru wake.

Magharibi njia mpya zilifunguka. Wareno walifika mto Gambia katika miaka ya 1450, na mwaka 1482 wakajenga ngome Elmina, kwenye pwani ya Ghana ya leo. Dhahabu ya Waakan, iliyozoea kupanda kaskazini, ilianza kushuka baharini. Wamansa waliandikiana na wafalme wa Ureno wakitafuta msaada dhidi ya adui zao. Walipata mabalozi na zawadi; majeshi hayakuja. Mwaka 1545 au 1546 askari wa Songhai, wakiongozwa na Dawud, waliingia mji mkuu wenyewe, wakakaa siku saba na kuijaza ikulu vinyesi.

Songhai nayo ilivunjwa na bunduki za Moroko huko Tondibi mwaka 1591. Mansa Mahmud aliiona nafasi, na mwaka 1599 akaishambulia Djenne kwa jeshi kubwa. Baadhi ya washirika aliowategemea hawakumfuata, bunduki za Moroko zikamshinda, akarudi kusini. Kwa mapokeo ya majeli, baada ya kufa kwake wanawe waligawana kilichobaki. Katika karne ya 17 ukoo wa Keita ulibaki na Kangaba, karibu na pale pale ulipoanzia.

Hukumu ya historia

Siku hizi Mansa Musa hupimwa kwa dola za Kimarekani na kuwekwa juu ya orodha ya matajiri wa nyakati zote. Kipimo hicho kinampotosha msomaji. Dhahabu ilikuwa ya wachimbaji wa Bure na Bambuk, chumvi ilichimbwa na watumwa wa Taghaza, na mfalme aliishi kwa ushuru wa kile kilichopita kati yao. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kinapita salama, na Mali iliifanya kazi hiyo vizuri kuliko dola yoyote ya zama zake katika eneo lile kwa zaidi ya karne moja.

Walioichana si Watuareg wala Wareno. Hao waliokota kilichoanguka. Dola iliyoweza kupatanisha koo zilizokuwa zikiuana, kumlinda mgeni hadi kaburini na kumfukuza ofisa dhalimu, haikuweza kukubaliana nani atakalia kiti mfalme akifa. Kila mrithi aliingia na deni la waliomsaidia kupigana, akalilipa kwa hazina, na hazina ilipokwisha njia zikakosa walinzi. Dhahabu haikuisha: Bure ingali inachimbwa hadi leo. Nchi iliyoitwa Sudani ya Kifaransa ilipojipatia uhuru mwaka 1960 ilichagua kuitwa Mali, na ilifanya vyema kulichukua jina hilo. Lakini anayelirithi jina la Musa na Sundiata, katika nchi ile au nyingine yoyote ya Afrika, amerithi pia swali waliloliacha bila jibu, na hakuna utajiri unaolijibu kwa niaba yake.